Veranda Tupu za Jumapili

Sketi ya Nyaruai ilipasukia katikati ya mji wa Kitale, saa nne asubuhi, siku ya soko, akiruka mtaro na faili mkononi. Aibu iliyoje! Alijibanza ukutani, hana mbele wala nyuma.

"Dada, usitembee!" Fundi mmoja wa veranda aliacha cherehani, akamrushia leso huku akitazama pembeni. "Jifunge, nipe hiyo sketi. Dakika kumi tu."

"Na usicheke!"

"Si nimenyamaza? Ni sketi ndiyo imecheka, bana."

Hivyo ndivyo alivyomjua Wepukhulu, kijana wa Bungoma, shati limepigwa pasi hadi likasimama. Nyaruai alikuwa mchoraji katika kampuni iliyopewa kazi ya kupanga upya mtaa ule, watu wa miguu wapate pa kupita. Haukupita muda, chai ya saa kumi wakawa wanainywa pamoja pale verandani, naye fundi akaanza kumshonea gauni la kitenge cha kijani, la siku ya kumpeleka kwao.

Kupima mtaa, Nyaruai alichagua Jumapili, magari yakiwa machache. Wepukhulu alitoka kanisani na suti yake ya kijivu, akamshikia mwisho wa tepu.

"Andika, mpenzi: mita mbili na nusu, na busu moja."

"Shika tepu vizuri, wewe!"

Aliandika kila alichokiona: nguzo, mitaro, veranda tupu. Mafundi wote kumi na sita walikuwa makanisani, cherehani zimefungiwa madukani. Mkubwa wake aliitaka ramani Jumatatu asubuhi, naye akachora yaliyomo daftarini. Mafundi atawaongeza baadaye, alijiambia. Ramani ikapitishwa vile vile.

Miezi minne baadaye ilibandikwa ukutani, na wafanyakazi wakaja na maua ya kupanda verandani, mafundi wakaambiwa waondoke kwa kuwa hawamo. Wepukhulu alipitisha kidole kwenye ramani ile, mara mbili.

"Nyaruai, sisi tuko wapi hapa?"

Nyaruai aliyageukia maua.

"Ati mimi ndiye nilikushikia tepu. Ukanywa chai yangu miezi yote hii, na ulijua."

"Wepu, nisikilize..."

Hakusikiliza. Jioni ile alibeba cherehani yake akarudi Bungoma. Simu yake ikawa haipatikani, wiki baada ya wiki, na Nyaruai akakonda.

Mwezi wa nane alishindwa kuvumilia. Alishuka Bungoma mvua ikinyesha, akauliza veranda moja hadi nyingine, mpaka akaliona lile shati.

"Nilikosa," alisema kabla hata ya salamu. "Niliandikia kampuni barua tatu wawarudishe mafundi kwa ramani, wakakataa. Niliona haya kukuambia."

"Mimi nilidhani ulikuwa unanicheka."

"Hata siku moja! Nilikupenda. Bado nakupenda, Wepu."

Fundi aliinamisha kichwa juu ya cherehani, machozi yakamdondoka kwenye kitambaa cha mtu.

"Ungekuja mapema, mpenzi. Mwezi uliopita wazee wetu walienda kwa kina Nelima kuniposea, wakaelewana. Yeye anajua niko. Siwezi kumfuta vile nilifutwa."

Akatoa kifurushi chini ya meza. Lilikuwa gauni la kijani, limekwisha, hata vifungo.

"Chukua. Halimtoshi mwingine."

Jumatatu Nyaruai alilivaa kwenda kazini. Lilimkaa mabegani, kiunoni, kila mahali. Alipita kwenye veranda zile, pana, safi, maua yamechanua. Mama mmoja aliyeshika sare ya shule iliyofumuka alimsimamisha.

"Samahani, dada. Hapa kulikuwa na fundi wa Bungoma, mkono wake safi sana. Alipewa nafasi wapi?"

"Hakupewa, mama."

Akaangua kilio pale pale, watu wakipita, na safari hii hakukuwa na wa kumrushia leso.