Alifunga Yeye, Nikapanda Mimi

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu asubuhi niliyotoka kwetu Mwenga bila mpango wowote. Shule nilikuwa nimeiacha zamani. Sikuwa mvivu, wasomaji wangu... miguu ilikuwa ikiniwasha tu! Na kila kitu nilichokiona, nilitaka kujua ndani yake kuna nini. Lori lilinibeba, likanishusha Bukavu.

Aliyenipokea ni Bahati, fundi wa magari huko Kadutu. Alinipa mkeka, akanifundisha kazi, akaniita ndugu. Tulikula sahani moja. Ningemhofiaje mtu kama huyo?

Mteja wetu wa karibu alikuwa Muzee Birindwa, aliyesafirisha mihogo kwa jipu lake la zamani. Alinipenda. Baba yangu alikuwa ameshafariki, na Muzee alikubali kusimama mahali pake siku ya kupeleka posa kwa wazazi wa mchumba niliyempata huko Bukavu. Fikirini furaha yangu!

Jipu hilo lilikuwa na ugonjwa. Kwenye mtelemko, giya nzito, ile ya kushukia milima polepole, ilichomoka yenyewe. Mafundi wengine walishalaumu giya boksi, wakaifungua bure. Mimi niliketi sakafuni mwa gari, mkono mmoja kwenye kila moja ya fimbo zake mbili za giya, Muzee akiendesha.

"Mutoto yangu, unasikiliza gari ao unalala?" alinitania.

Fimbo kubwa ilitulia. Ile ndogo ilitetemeka, ikaruka! Basi ugonjwa ulikuwa kwenye bwati ya pili, yaani giya boksi ndogo, ile inayogawa nguvu ya injini kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Tulipomwaga mafuta yake kwenye kitambaa, yaling'aa unga wa chuma. Ndani, uma unaosukuma giya ulikuwa umelika upande mmoja kama ukucha. Mafuta yaliyovuja yalikuwa yameilowesha hata breki ya mkono, iliyokaa nyuma ya bwati hiyo.

Muzee alihangaika hadi akapata uma mpya kutoka Bujumbura. Niliushika mikononi, ukiwa bado na grisi yake... Nilifurahi kama mtoto!

Siku ya kufunga, Bahati alinituma mtaa wa Ibanda kutafuta karatasi ya gasketi. Niliporudi, bwati ilikuwa imefungwa na kuoshwa. Aliniambia alikuwa ameokota kipande cha gasketi humo humo karakana.

Sasa nisikilizeni. Kwetu mafundi wa Bukavu kulikuwa na desturi. Aliyefunga bwati ndiye anayepanda kando ya mwenye gari, safari ya kwanza yenye mzigo. Ndiyo sahihi yake. Anaweka mwili wake juu ya kazi yake.

Lakini asubuhi ile Bahati alijifunika blanketi.

"Malaria inanikamata, ndugu. Panda weye. Iko kitu kimoja, mimi na weye."

Nikapanda. Majirani wote waliniona nimeketi pale, hata mmoja akalitaja jina langu kwa kelele: "Eh, leo Safari iko fundi mukubwa!" Nilicheka! Nilipunga mkono!

Kwenye mtelemko wa kuelekea Nyantende, fimbo ndogo ikaruka. Injini ikalia peke yake, gari likakimbia na mihogo yote. Muzee alikanyaga breki mpaka zikanuka. Nilivuta breki ya mkono... haikushika. Tukaangukia mtaroni.

Mimi nilichubuka tu. Muzee alivunjika mguu.

Jipu lilipovutwa hadi karakana, nilifungua bwati mbele ya watu. Ndani ulikuwamo ule uma wa zamani, uliolika upande mmoja! Na ule mpya? Baadaye nilikuja kujua ulikuwa unatembea ndani ya jipu la mkubwa mmoja wa ofisi, aliyemwahidi Bahati kazi ya kutunza magari yao yote.

Bahati, bila homa yoyote, alisimama mlangoni akatikisa kichwa.

"Nilimupokea kama ndugu," aliwaambia watu. "Muone vile ananifanya."

"Ni weye ulifunga!" nilipiga kelele.

"Nani alipanda?" aliuliza, taratibu tu.

Watu wakanigeukia. Wote walikuwa wameniona, na kwa desturi yetu aliyepanda ndiye aliyefunga.

Nilikimbilia hospitali. Niliapa, nililia. Muzee aliuliza:

"Mutoto yangu, kama weye haukufunga, ulipanda juu ya nini?"

Ningemwambia kwamba nilimpenda Bahati? Muzee aligeukia ukutani. Wazazi wa mchumba wangu walituma neno kwamba nisifike tena.

Niliondoka Bukavu kwa miguu. Kwetu sikuweza kurudi, maana habari ilikwisha kupanda malori kabla yangu.

Vijana wenzangu, nawasihi! Msikalie kiti cha kazi ya mtu mwingine, hata akiwa ndugu wa sahani moja. Mwambieni apone kwanza, kisha apande mwenyewe. Akikasirika, akasirike! Mimi niliona haya kumkatalia, na haya hiyo ilimvunja mzee aliyekuwa baba yangu.

Siku ile niliyoondoka Bukavu, jua lilikuwa linaelekea kuzama nilipofika Walungu. Maman mmoja mwenye vyumba vya wageni alinisikiliza nikimwomba chumba na kumwambia natoka Bukavu, akanitazama viatu, kisha uso.

"Nani anakujua kule Bukavu, nikimuuliza atakusemea muzuri?"

Nilifungua mdomo. Jina la Muzee lilikuja mpaka ulimini... nikalimeza.

"Hakuna, maman."

Aliinuka. Kisha akanyanyua taa yake, akatangulia.

"Basi fwata huku. Na uiname, mulango iko chini."