Mmoja Bado

Tomoe alikuwa hoi. Tangu majani yaanze kupukutika alikuwa akizunguka milima ya Hokkaido, akirekodi mwangwi wa mahandaki ya reli yaliyoachwa kabla hayajazibwa. Usione mtu analipwa kusikiliza kuta ukadhani ni mchezo. Unatega maikrofoni, mwenzako anapasua puto, unasikiliza mlio unavyozunguka mpaka uishe. Kisha handaki jingine.

Mpasua puto alikuwa baba yake, mzee Kiyoharu, fundi wa njia ya reli aliyestaafu. Katika handaki hili la mwisho ndimo wenzake watatu na mlinzi wao wa kuangalia treni waligongwa, siku aliyobaki nyumbani na homa. Tomoe hakutaka aje. Mzee aling'ang'ania.

"Tumalize upesi, baba. Usingizi unaniua."

"Mtoto wa mjini wewe. Sisi tulilala tumesimama."

Puto likapasuka. Kwenye hedifoni Tomoe alisikia mlio ukienda, ukififia. Halafu, kutoka ndani kabisa, mwanamume akaita bila haraka: "Treni yaja!"

Nywele zikamsimama. Humo hamkuwa na reli, ziling'olewa zamani.

Kila fundi wa njia anaijua sheria. Mlinzi akiita, unainua mkono, unajibu "Nimepisha", unajibanza kwenye kishubaka cha ukutani. Mlinzi naye haondoki mpaka wote waliomo handakini wajibu.

Sauti tatu zikajibu. Nimepisha. Nimepisha. Nimepisha.

"Baba," alinong'ona, "usijibu."

Mzee hakuwa na hedifoni. Lakini mkono wake ulishapanda.

"Nimepisha," akasema, akaingia kishubakani kama anaingia chumbani kwake.

Tomoe alimkokota nje, roho juu, akiogopa asije akabaki humo na wenzake waliokufa.

Nyumbani mzee alioga, wakaketi kula tambi za moto. Tomoe akajikaza, akawasha rekodi. Mlio. Mwito. Majibu manne. Kisha mlinzi, kwa sauti iliyochoka:

"Mmoja bado."

Akazima kinasa sauti. Sauti ikaita tena, vilevile:

"Mmoja bado."

Mzee akaweka vijiti mezani. "Jibu, mwanangu," alisema taratibu. "Wamesimama siku nyingi. Wamechoka."

Mkono wake wa kulia ulikuwa mweusi kwa masizi ya handaki hadi kiwikoni, naye ametoka kuoga sasa hivi.

Tomoe pia alikuwa amechoka. Akautazama mkono wake. Ulikuwa juu.