Jukwaa Lililofagiwa

Bomba la chuma lilining'inia juu ya jukwaa likiwa tupu, mfano wa kamba ya kuanikia nguo siku ya mvua. Jana lilikuwa limebeba pazia la mahameli jekundu, zito, pana kama jukwaa lenyewe. Asubuhi hii haukubaki hata uzi.

"Limeibwa lote?" Inspekta aliuliza.

"Lote, afande," alijibu mwenyekiti wa kamati ya ukarabati, mwalimu mstaafu. "Jioni lilikuwepo. Asubuhi nimefungua, nimekuta hivi."

Sajini aliinua macho, akapiga mluzi. "Mwizi huyu nyumbani kwake ana dirisha moja tu, lakini kubwa!"

Inspekta hakucheka. Alikuwa ameamka vibaya. Tangu likizo ya uzazi iishe, wifi yake ndiye aliyeshinda na mtoto. Alfajiri ya leo, Inspekta aliponyoosha mikono amchukue mwanawe, mtoto alimgeuzia mgongo akajificha kifuani mwa shangazi yake. Wifi alicheka, naye Inspekta akacheka, maana mtu mzima hamnunii mtoto anayeota meno. Lakini kitu kilimchoma, na hapa alipokuwa kilikuwa bado kinachoma.

"Pazia kuukuu lina kazi gani hata mtuite polisi wawili?" aliuliza.

"Lina kazi leo hii," mwalimu alisema. "Alasiri baraza la mtaa linakuja kukaa humu humu. Wajumbe wanapiga kura. Jumba likarabatiwe, au livunjwe wajenge maduka. Wamegawanyika nusu kwa nusu, na wengi wao hawajawahi kuingia humu. Tulipanga wakae kwenye viti, taa ziwake, pazia lifunguke mbele yao. Basi, pazia lenyewe liwasemeshe."

"Na bila pazia?"

"Wataona vumbi na viti vilivyotoboka. Nani anapigia kura vumbi?"

Inspekta alivaa glavu, akapanda ngazi ya pembeni. Jumba lilikuwa limefungwa miaka mingi, na vumbi lilikuwa limelala kila mahali kama unga. Mlango wa nyuma, ule waliouita mlango wa waigizaji, kitasa chake kilikufa zamani. Mtu akiusukuma kwa bega, anaingia.

Lakini jukwaa lilikuwa safi. Mbao ziling'aa.

"Kafagia nyayo zake," Sajini alisema. "Huyu si mwizi wa kuku. Huyu amesoma."

"Nani anayetaka jumba livunjwe?"

"Bwana Magodoro. Duka lake lipo ng'ambo ya barabara, limemjaa hadi analaza magodoro nje."

Bwana Magodoro walimkuta ameketi juu ya bidhaa yake mwenyewe, anakunywa chai. Hakuinuka.

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Kitandani. Mke wangu shahidi, na jirani pia, maana nakoroma."

"Pazia la jumba limeibwa."

Bwana Magodoro aliweka kikombe chini. "Sikilizeni, wanangu. Mimi sifichi. Nataka kiwanja kile, na wajumbe ninaokubaliana nao wanatosha. Mtu anayeshinda mchezo haibi mpira."

Inspekta alitazama viatu vya Bwana Magodoro. Vilikuwa vikubwa, vipana, vimejaa nyuzi za sufi. Akamshukuru, akavuka tena barabara.

"Anadanganya?" Sajini aliuliza.

"Anaringa tu. Nataka kuliona tena vumbi."

Waliingia kwa mlango wa nyuma, wakiambaa ukutani. Inspekta aliwasha tochi, akailaza karibu na sakafu. Kwenye ujia mwembamba wa kuelekea jukwaani, vumbi lilikuwa halijafagiwa. Nyayo zilionekana waziwazi. Zilikuwa ndogo, za viatu vya bapa, zimeingia na zimetoka.

"Haya, niambie," alisema Inspekta. "Mtu anataka kufuta nyayo zake. Anafagia jukwaani, halafu ujia mzima anauacha umejaa nyayo?"

Sajini alijikuna kidevu. "Basi si msomi."

"Hakufagia ili ajifiche. Alifagia kwa sababu nyingine."

Pale ujia ulipokutana na jukwaa, aliinama. Kulikuwa na alama mbili za viatu, sambamba, zimetulia, kama viatu vilivyovuliwa na kupangwa mlangoni mwa chumba cha kulala. Kutoka hapo kuelekea jukwaani hapakuwa na alama ya kiatu tena.

Alimwita mlinzi wa mchana. Alikuwa mzee mkavu, aliyevaa mabuti ya mpira, na watu walimwita Kamba kwa sababu enzi za jumba yeye ndiye aliyevuta kamba za pazia.

"Mzee, hili jukwaa umelifagia wewe?"

"Hapana, mwanangu. Ningelifagia ningekwambia unilipe."

"Nani angelifagia?"

Mzee Kamba alitazama mbao, na uso wake ukabadilika. "Kikundi chetu tulikuwa na sheria moja. Mtu asikanyage jukwaa kabla hajalifagia, na asipande na viatu. Mwigizaji anapiga magoti pale, anaburutwa, anakufa kila Jumamosi. Msumari mmoja tu, onyesho limeharibika. Mgeni hawezi kulijua hilo. Ila sisi, mpaka leo, nikiona ufagio karibu na jukwaa mkono unakwenda wenyewe."

"Ninyi mmebaki wangapi?"

"Watatu. Mimi, Malkia, na mdogo wake. Malkia kaigiza malkia maisha yake yote, hata jina lake halisi tumelisahau."

"Na mdogo wake?"

"Fundi wa mavazi." Mzee aliinua mabega. "Huyo yupo yupo tu."

Inspekta aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo. Yupo yupo tu.

Malkia alifika kabla hajaitwa. Alitanguliwa na manukato, kisha fimbo yake, kisha yeye mwenyewe, mwanamke mkubwa aliyefunga kilemba cha bluu. Nyuma yake alikuja mwanamke mdogo mwembamba, amebeba mkoba wa dada yake na koti la dada yake.

"Pazia langu!" Malkia alilia, na sauti ikafika hadi viti vya mwisho. "Nililishona kwa mikono yangu hii! Redio nzima inajua. Leo nilikuwa nisimame hapa niwaambie wajumbe, kila uzi nilioupitisha niliupitisha na pumzi yangu!"

Inspekta hakuwa akimtazama yeye. Alimtazama mdogo mtu. Aliposikia "mikono yangu hii", mwanamke yule alifumba mdomo kama mtu aliyeuma mbegu ya pilipili. Ilikuwa mara moja tu, kisha akainama kuokota leso ya dada yake.

Inspekta aliijua ile sura. Alikuwa ameiona asubuhi kwenye kioo cha bafuni.

"Jana usiku mlikuwa wapi, mama zangu?"

"Nyumbani, tunakaa pamoja," Malkia alijibu kwa wote wawili. "Mimi nililala mapema, nitunze sauti."

"Na wewe, mama?"

"Yeye naye alilala," alisema Malkia.

"Nimemuuliza yeye."

Mdogo mtu aliinua macho kidogo. "Nilikuwepo," alisema.

Fimbo ya Malkia ilikuwa imeacha vitobo vya mviringo vumbini kila alipopita. Kwenye nyayo za usiku hapakuwa na kitobo hata kimoja. Na mzee Kamba na mabuti yake asingeweza kuacha unyayo mdogo vile.

"Naomba unisindikize chumba cha mavazi," Inspekta alimwambia mwanamke mwembamba. "Wewe unakifahamu."

Chumba kilikuwa chini ya jukwaa, kimejaa masanduku ya bati. Mwanamke aliingia, akakaa haraka juu ya sanduku kubwa kuliko yote. Inspekta alifunga mlango nusu.

"Mama, zile nyayo zimetoka nyepesi kama zilivyoingia. Hazikuburuta kitu. Pazia lile watu wanne hawalibebi bila kuangusha uzi ujiani. Mimi nasema halijatoka humu ndani."

"Huenda."

"Unaweza kusimama kidogo?"

"Miguu inaniuma."

"Tangu lini?"

"Tangu uniambie nisimame."

Inspekta alitaka kucheka, akajizuia. Badala ya kuita Sajini, alivuta kigoda akakaa.

"Nikwambie kitu ambacho sikumwambia hata mume wangu? Mwanangu amenikataa asubuhi. Amekwenda kwa wifi yangu. Na wifi yangu hana kosa, ananilelea, ananipikia, hanidai. Lakini leo niliposimama pale mlangoni niliomba akosee. Hata kikombe tu kimponyoke, mtoto alie, aje kwangu."

Mwanamke alitikisa kichwa.

"Mtoto bado mdogo," alisema polepole. "Huyo atarudi. Dada yangu ameshazeeka, hatarudi."

Kisha maneno yakatoka kama mfereji uliozibuliwa.

"Nilishona mimi. Mwaka mzima, nikiwa na mimba ya kwanza, mahameli yamejaa mapajani hadi nikawa simuoni mtoto anavyocheza tumboni. Yeye alikuwa anakuja kupima taji, anasema, 'Mdogo wangu, usisahau kula,' anaondoka. Sikudai jina. Yeye ana sauti, mimi nina sindano, kila mtu na riziki yake. Makofi alipewa yeye, maua alipewa yeye, nikayatia maji hayo maua. Sikusema. Sasa amekuja mtu wa redio, anamuuliza nani alishona. Nimekaa hapo hapo, afande! Nimeshika trei ya chai! Akasema, 'Mimi.'"

"Ulifanyaje jana?"

"Niliteremsha bomba kwa gurudumu la kamba, kama alivyokuwa akifanya Kamba. Pazia ni vipande vinane. Niliviunga kwa mshono wa mnyororo, ili vifumuke siku ya kufua. Ukiujua uzi wa mwisho, unavuta tu, linaachana lenyewe. Nikakunja kipande kimoja kimoja, nikashusha hapa. Halafu nikapandisha bomba." Alipapasa bati alilokalia. "Sikukata hata mahali pamoja. Siwezi. Mkono ungekataa."

"Ulitaka nini, mama?"

"Nilitaka asimame pale mbele ya wajumbe, aseme ameshona, pazia lisiwepo. Wamwambie, haya, shona lingine. Aombe sindano, ashindwe hata kutunga uzi. Kila mtu aone."

"Na jumba lingevunjwa."

"Ningelia," alisema. "Lakini ningelia naye. Siku hiyo moja tungekuwa sawa."

Mlango ulisukumwa kwa ncha ya fimbo. Malkia alikuwa amesimama pale, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikujaza chumba.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi, dada."

"Mbona hukuniambia inakuuma? Miaka yote hii!"

"Ulikuwa unaongea."

Malkia aliiegemea fimbo yake. Alitafuta mahali pa kukaa, akakaa kwenye sanduku jingine, na bati likalia.

"Unajua wageni wa kamati wakija kutazama jumba hili huwa wanauliza nini?" alisema, akimwelekea Inspekta kana kwamba mdogo wake hayupo. "Hawaulizi, Malkia yuko wapi. Makofi yalikwisha, mwanangu. Sauti haibaki ukutani. Wanatazama juu, wanasema, 'Lo! Nani alishona?' Nimesikia hivyo mara ngapi? Nimesimama hapo na uso wangu huu, wao wanatazama kitambaa." Akageuka. "Nilikuonea wivu, wewe. Kazi yako inaning'inia. Yangu imepotea hewani. Basi nikaichukua na yako."

Fundi wa mavazi alimtazama dada yake kama mtu aliyeambiwa kwamba jirani yake tajiri alikuwa akimchungulia sufuria.

"Wewe?" alisema. "Unionee wivu mimi?"

"Usirudierudie. Nimesema mara moja, inatosha."

Inspekta alisimama, akakunjua magoti. "Mali imepatikana, na haikutoka kwenye jumba la wenyewe. Lakini mama, umesumbua polisi, na umeweka mashakani kitu cha watu wote. Kesho utakuja kituoni uandike maelezo, na utapewa onyo. Umenisikia?"

"Nimesikia, afande."

"Sasa simama. Miguu imepona."

Vipande vilipandishwa mikononi mwa Sajini, aliyelalamika kwamba mgongo wake haukuajiriwa kubeba mahameli. Mzee Kamba alishusha bomba. Dada wawili walikaa sakafuni, peku, mmoja akishona, mwingine akishika kitambaa na kusema anashikilia vibaya kwa sababu anaelekezwa vibaya.

Alasiri wajumbe walikaa kwenye viti vilivyotoboka. Bwana Magodoro alikaa mbele, amekunja mikono. Taa ziliwaka, kamba ikalia juu, na pazia likafunguka kama kitu kinachovuta pumzi. Hakuna aliyekohoa. Bwana Magodoro mwenyewe, mtu wa vitambaa, alikunjua mikono bila kujijua.

"Lo!" mwenyekiti wa baraza alisema. "Nani alishona?"

Malkia alikuwa katikati ya jukwaa, fimbo mkononi. Aliinua kidevu. Inspekta, aliyesimama pembeni, alidhani atasema tena "mimi". Midomo ya Malkia ilishaumba lile neno, kisha akaelekeza fimbo pembeni.

"Mdogo wangu," alisema. "Huyu hapa. Muulizeni yeye."

Fundi wa mavazi alisukumwa mbele. Alianza kwa kigugumizi, kisha akafika kwenye mshono wa mnyororo, na hapo hakushikika. Alieleza uzi, alieleza nta, alieleza jinsi mahameli yanavyolala upande mmoja kama manyoya ya paka. Mjumbe mmoja alikuja kugusa. Wa pili akamfuata. Ilipofika kura, mikono iliyoinuliwa kwa ukarabati ilikuwa mingi zaidi, na mwalimu mstaafu akaihesabu mara mbili.

Watu wote walisimama wakampigia makofi mwanamke mwembamba. Yeye alitazama nyuma kuona nani anapigiwa.

Malkia alikuwa amesogea gizani karibu na Inspekta. Alipiga makofi pia, taratibu, midomo imebana.

"Ameongea sana," alinong'ona.

"Kidogo, mama."

"Ile sehemu ya nta haikuwa na haja. Mimi ningesema vizuri zaidi."

"Hilo sina shaka nalo," Inspekta alisema.