Siku Iliyovuka Ukomo

Jua lilikuwa linazama fundi wa kompyuta alipoingia ofisi ya vizazi na vifo, begi la bisibisi begani. Dada yake, karani wa zamu, alikuwa amebaki peke yake.

"Afadhali umekuja, mdogo wangu. Mashine imenigomea."

"Mashine au wewe? Juzi ulikuwa hujachomeka waya."

Dada hakucheka.

Kwenye skrini kulikuwa na cheti cha kifo. Tarehe: 20 Januari 2038, siku ambayo bado haijafika. Mashine ilikuwa imeikataa.

"Hii ni ya zamani," fundi alisema. "Inahesabu sekunde moja moja tangu mwaka 1970, na nafasi ya kuandikia hesabu hiyo ni ndogo. Inajaa 19 Januari 2038. Ukiongeza sekunde moja tu, hesabu inageuka, inaangukia 1901. Ndiyo maana wameiwekea ukomo."

"Uondoe."

Fundi alisoma jina kwenye cheti. Akasoma tena.

"Dada, huyu si mwanao?"

Dada alifunga mlango. Akanong'ona.

"Madaktari wameshanyoosha mikono. Mganga anasema siku yake imeandikwa. Nikiivusha pale hesabu inapoishia... haitamfikia."

Fundi hakuamini uganga. Lakini mtoto yule yeye ndiye aliyembeba mgongoni tangu uchanga, na hakuona ubaya wa kumpa mama mtu faraja. Aliandika amri tatu. Ukomo ukaondoka.

"Sasa weka dole gumba, ukifunge cheti," dada alisema.

"Karani ni wewe."

"Tazama mikono yangu inavyotetemeka. Nisaidie, basi."

Pale ofisini, cheti hakifungwi bila dole, na mwenye dole ndiye huhesabiwa kuwa amekiandika. Fundi alilijua hilo. Akabonyeza dole lake kwenye kioo cha kusomea alama za vidole.

Feni ya mashine ikanyamaza.

Ikaja harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Tik... tik... tik...

Sauti ilitoka chini ya meza. Kitu kilikuwa kinahesabu, bila haraka.

Tarehe kwenye skrini ikabadilika: 14 Desemba 1901. Kisha jina la mtoto likaanza kufutika, herufi moja baada ya nyingine. Likajiandika jingine.

Lake.

"Dada... hilo ni jina langu."

"Najua."

Dada alikuwa analia, lakini hakushangaa. Hilo ndilo lililomkata fundi maini.

"Mganga alisema hesabu ikigeuka lazima imwangukie mtu," dada alisema. "Wa damu yetu. Na aweke dole mwenyewe, bila kushikwa mkono."

"Ungeweka lako!"

"Mwanangu angelelewa na nani?"

"Na mimi! Si ungenambia tu?"

"Ungekubali?"

Fundi akabonyeza kitufe cha kufuta. Jina lake halikufutika.

Simu ya dada ikaita. Alisikiliza, akashika kifua. "Amekaa mwenyewe? Anaomba maji? Nakuja. Nakuja sasa hivi."

Chini ya meza, hesabu ikasimama.

Mlango ukafunguliwa. Mlinzi akaingiza kichwa, akatazama chumba kizima. Macho yake yalipita usoni mwa fundi bila kutua.

"Karani, bado upo? Nimesikia kama mnaongea."

Dada aligeuka, akamtazama mdogo wake machoni.

"Niko peke yangu," alisema. Akachukua mkoba, akazima taa.