Hewa ya Lori

Saa 4:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha gereji. Mjomba alichora kwa chaki sakafuni bomba la maji la kiwanda cha dhahabu.

"Leo ni kavu, wanalisafisha. Saa saba pampu zinarudisha maji."

"Na vali?" aliuliza Breki, dereva wa lori.

Fundi alijibu. Kiwanda hicho ndicho kilichomfukuza. "Ni bamba la chuma. Hewa ikisukuma pistoni, bamba linapanda, njia wazi. Hewa ikikatika, springi inalishusha. Halijui kusamehe."

"Hewa tutaitoa wapi?"

"Kwenye tangi la breki zako."

"Kumbe gari langu lina mapafu!"

Sindano, mdogo wake Fundi, alicheka. Ndiye angetambaa hadi chumba cha dhahabu. Kati yao, ni mabega yake tu yaliyoweza kupita bombani.

"Kaka, usisinzie. Mke wangu anajifungua mwezi huu."

"Nitakuwa hapo hapo."

Mjomba aliwashika vichwa wote wawili. Baba yao alipofariki, ndiye aliyewalea. "Haondoki mtu bila mwenzake."

Saa 6:05 mchana.

Nyuma ya ukuta wa kiwanda. Fundi aliunga mpira wa hewa, toka lori hadi vali. Bamba likapanda. Sindano akaingia, nyayo zake zikawa za mwisho kuonekana.

Saa 6:41.

King'ora kililia. Ndani ya bomba, kokoto iligonga mara tatu. Anarudi.

"Dakika tatu tu!" alisema Fundi.

Breki alikanyaga mafuta. Lori lilitetemeka, halikusogea. "Mpira unavuja. Hewa imeshuka, breki zimejifunga. Ama vali, ama lori!"

"Subiri!"

"Nisubiri risasi?"

"Mjomba, ni Sindano huyo!"

Mjomba hakumtazama. Aliinama, akachomoa mpira.

Bamba lilishuka kwa kishindo kimoja. Punde lori likapata hewa yake, likaondoka na wawili.

Fundi aliweka midomo kwenye tundu la vali, akapuliza mpaka macho yakaingia kiza. Pumzi ya mwanadamu haiinui chuma.

"Kaka? Mbona pamefungwa?"

"Nipo, mdogo wangu. Muombe Mungu. Naita watu."

Njia ya kutorokea ilikuwa kushoto. Alikimbia kulia, kwenye geti, mikono juu.

"Nifungeni! Lakini kuna mtu bombani! Msiwashe pampu! Pelekeni hewa kwenye vali ya nje!"

Walinzi walimlaza kifudifudi kwenye changarawe.

"Ujanja wa majambazi huo," alisema mmoja, goti lake likiwa mgongoni mwa Fundi.

"Ni mdogo wangu. Wallahi, tumbo moja."

Saa 7:00.

Pampu ziliunguruma.

Saa 7:25.

Ndipo walipoamini. Vali ilipofunguliwa, maji yalitangulia, Sindano akafuata. Gunia la dhahabu hakuwa nalo. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka hadi mfupani.

Fundi aliomba jambo moja tu, amfumbe macho. Walimkubalia. Alimfumba kwa mikono miwili, maana pingu hazikumwachia mmoja.