Siagi ya Kinanda

Kila asubuhi Rénovat aliamshwa na honi ya meli bandarini Kalundu. Honi ile ilikuwa fa, sauti ya nne katika do, re, mi, fa. Alikuwa na hakika nayo, kwa sababu mara tatu alikuwa ameibeba kichwani hadi darasani, akabonyeza fa kwenye kinanda, na sauti mbili zikakutana kama ndugu waliopoteana.

"Ondoka kitandani, mwanamuziki," Félicité aliita kutoka uani. "Fa yako imeshalia mara mbili, na mtungi bado mkavu."

Félicité alikuwa dada wa baba yake. Rénovat alimwita masenge, kama watoto wote wa Kirundi wa bonde la Ruzizi wanavyowaita shangazi zao. Alikuwa amehamia kwake miezi minne iliyopita, mwanzoni mwa mwaka 1956, akitokea Sange, kijiji cha wakulima wa mpunga. Alikuja na shuka moja, kalamu mbili na kibuyu kidogo cha siagi ya ng'ombe alichopewa na babu yake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alikuja kujifunza kupiga kinanda cha kanisa.

Uvira ulikuwa mji mkubwa kuliko alivyowaza. Wiki ya kwanza alimsalimu kila mtu aliyekutana naye njiani kutoka Kalundu hadi misheni, akamuuliza habari za watoto na za ng'ombe, akafika darasani wakati wenzake wanatoka. Masenge alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo Rénovat aliwasalimu wazee tu, na mbuzi.

"Weye, mtu wa mpunga," Firmin alimtania kila asubuhi mlangoni mwa darasa, "leo umesalimu mbuzi wangapi?"

"Wanne. Mmoja alikuwa na sura yako, nikamwamkia mara mbili."

Firmin alikuwa mtoto wa mvuvi wa Kalundu. Mfukoni mwake hamkukosa ndagala wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, na alikuwa na vidole virefu ambavyo Rénovat alivionea wivu. Ndiye mtu wa kwanza Uvira kumwonyesha njia ya mkato ya kwenda misheni. Ndiye pia mpinzani wake, maana mmoja kati yao wawili angechaguliwa kupiga kinanda katika misa ya Watakatifu Petro na Paulo, mwishoni mwa Juni.

Kinanda chenyewe kilikuwa kimoja tu. Mpigaji alikanyaga vibao viwili kwa miguu, vibao vikapuliza mivukuto, ile mifuko mikubwa ya ngozi iliyo chini, na hewa ikatoka juu ikiwa wimbo. Mwalimu Déogratias alikuwa na sheria moja, na aliisema kila Jumatatu.

"Hiki si ngoma ya arusini. Atakayekiharibu atarudi kwao siku hiyohiyo."

Rénovat alikipenda kinanda kile kuliko kitu chochote mjini. Kilipovuta pumzi kilikohoa kidogo, kama babu yake kabla ya kuimba. Jioni alipowakumbuka watu wa nyumbani hadi chakula kikamshinda, alikumbuka kikohozi kile, na usingizi ukaja.

Mwezi wa Juni upepo mkavu ulishuka kutoka bondeni. Midomo ya watu ilipasuka, ardhi ikapasuka, na kinanda kikaanza kukohoa vibaya. Jumamosi moja ilikuwa zamu ya Rénovat kufagia darasa. Alipoinama nyuma ya kinanda aliona ngozi ya mivukuto imekauka na kukunjamana, na katika mikunjo kuna nyufa nyembamba kama nywele.

Jambo hili alilijua. Babu yake alikuwa na inanga, ule ubao wa mti uliochongwa kama sinia refu na kufungwa nyuzi. Kila kiangazi alimkalisha Rénovat kando yake, akachovya kidole katika siagi, akaupaka ubao wote taratibu ili usipasuke. Ngozi za ngoma vilevile. "Chombo nacho kinasikia kiu," babu alikuwa akisema.

Rénovat alikimbia nyumbani, akarudi na kibuyu. Alipaka mkunjo mmoja baada ya mwingine kwa kidole, bila haraka, hadi ngozi ikalegea na kung'aa. Hakumwambia mtu. Ilimpendeza kuwa na siri moja njema katika mji ambao kila mtu aliujua kuliko yeye.

Jumatatu kinanda hakikukohoa hata mara moja. "Leo kimeamka vizuri," Mwalimu alisema, na Rénovat akainamisha kichwa ili wasione anavyotabasamu.

Alhamisi Mwalimu alikanyaga vibao, na kinanda kikatoa sauti ya mtu aliyechomwa tumboni. Walikizungusha. Ngozi ilikuwa imetafunwa, matundu kwa matundu.

Rénovat aliinama kutazama. Panya hawakuwa wametafuna ovyo. Pale ambapo siagi haikufika, ngozi ilikuwa nzima. Walikuwa wamefuata njia ya kidole chake, mkunjo hadi mkunjo.

Mwalimu naye alikuwa ameinama, lakini aliona kitu kingine. Aliokota kichwa cha ndagala chini ya benchi.

"Nani anakula samaki humu ndani?"

"Mwalimu, miye ninakula, lakini nje," Firmin alijibu. "Hicho labda kilidondoka mfukoni."

"Kikadondoka, panya wakakifuata, wakakuta na ngozi. Nimewaambia nini kila Jumatatu?"

"Mwalimu, ni kichwa kimoja tu."

"Panya hahesabu vichwa. Nenda kwenu, Firmin."

Firmin alimtazama Rénovat, si kwa kumshuku, bali kama mtu anayemtazama rafiki yake ili asilie. Rénovat alifungua kinywa. Akaiona barabara ya Sange, akajiona juu ya lori amerudishwa na shuka yake, na babu akimwuliza umerudi kwa nini. Akafunga kinywa. Firmin akatoka.

"Siku ya misa utapiga wewe, Rénovat," Mwalimu alisema kwa sauti ya kuchoka. "Kama tutapata wa kukitengeneza."

Ndilo neno alilokuwa akilingoja tangu aje Uvira. Sasa hakulitaka.

Kesho yake Masenge alimtuma ufukweni kununua ndagala. Alimkuta Firmin katikati ya wanawake wanaopakua mitumbwi, ana kikapu kikubwa kichwani, maji ya samaki yanamtiririka shingoni.

"Mtu wa mpunga," Firmin alisema, akajaribu kucheka. "Baba anasema kinanda kikinikataa, samaki hawanikatai."

Alishusha kikapu kumpimia ndagala. Wakati akingoja Rénovat atoe bakuli, vidole vyake vilianza kugonga ukingo wa kikapu, vinne vya kushoto, taratibu. Rénovat alizitambua sauti zile ingawa hazikusikika. Ni sauti za chini za wimbo wa Petro na Paulo. Firmin mwenyewe hakujua kwamba anagonga.

Rénovat alirudi nyumbani bila kusubiri chenji.

Masenge alikuwa uani, ameshika kibuyu amekigeuza kinatazama chini.

"Nilitaka kutia siagi kidogo kwenye maharage," alisema. "Kibuyu kimekauka kabisa. Umeinywa?"

"Hapana, Masenge."

"Umejipaka?"

"Hapana."

Félicité alimtazama usoni kwa muda, akaweka kibuyu chini, akamsogezea kigoda. "Kaa. Nieleze polepole."

Alimweleza yote, kuanzia nyufa hadi vidole vya Firmin. Félicité hakumkaripia. Alimfuta machozi kwa ncha ya kitenge chake, kwa nguvu, kama anayefuta masizi kwenye sufuria.

"Mwalimu ataniondoa," Rénovat alisema.

"Huenda. Akikuondoa nitakupakia kwenye lori mimi mwenyewe, na nitakulilia hadi nisikike Kamanyola, kule mbele ya Sange. Lakini Firmin ameshaondolewa, na anayemlilia ni nani?"

Jumamosi asubuhi, meli ilipolia fa, Rénovat alikuwa tayari yuko njiani. Alimkuta Mwalimu peke yake darasani, amekaa sakafuni mbele ya mivukuto iliyotoboka. Rénovat aliweka kibuyu kitupu kati yao.

"Mwalimu, si samaki. Ni siagi yangu. Niliipaka ngozi, kama babu anavyoipaka inanga yake, kwa sababu ilikuwa inapasuka. Nilijua tangu Alhamisi, nikanyamaza."

Mwalimu aliinamia ngozi akainusa.

"Inanga ya babu yako inapakwa siagi, si ndiyo? Na panya hawaili?"

"Hapana. Inatundikwa juu ya..." Rénovat alisita. "Inatundikwa juu ya moto. Ndani ya moshi."

"Na sisi hapa tuna kinanda kimekaa sakafuni, na bandari jirani imejaa magunia ya mchele na panya wa kila ukubwa." Mwalimu alisimama, akavaa kofia yake. "Nilimfukuza mtoto kwa kichwa cha ndagala bila kuitazama ngozi vizuri. Twende Kalundu. Wewe una lako la kusema, na mimi nina langu."

Ufukweni, mbele ya wavuvi wote, Mwalimu Déogratias alivua kofia na kumwambia Firmin na baba yake kwamba alikosea. Wanawake waliacha kupakua. Kisha Rénovat akasema lake, akitazama miguu yake. Firmin alisikiliza hadi mwisho.

"Basi umelisha panya wa Kalundu siagi ya Sange," alisema. "Hawatarudi tena kwenye ndagala wetu."

"Kurudi kwenu si leo," Mwalimu alimwambia Rénovat. "Kwanza utakitengeneza."

Ikawa kazi ya wiki nzima. Masenge alitafuta ngozi laini ya mwanambuzi. Rénovat aliikwangua kwa kigae cha chupa mpaka ikawa nyembamba, kama alivyoona babu yake akifanya kwa ngoma. Walisugua mafuta ya zamani kwa majivu na sabuni, wakabandika viraka kwa gundi ya seremala, Firmin akishikilia kwa vidole vyake virefu pale ambapo vya Rénovat havikufika. Siku ya mwisho Firmin alileta kikapu cha samaki kinachonguruma. Ndani mlikuwa na paka.

"Huyu ndiye atakula ndagala humu ndani," alisema. "Kwa ruhusa."

Siku ya Petro na Paulo kanisa lilijaa hadi nje. Firmin alipiga nyimbo za mwanzo na Rénovat za mwisho. Nyumbani kwa Félicité, baada ya misa, Mwalimu alikula maharage yake akanawa mikono, akawaita vijana wote wawili.

"Sikieni. Aliyojifunza Rénovat kwa babu yake ni elimu, na bila elimu hiyo tusingekuwa na viraka. Kosa lake la kwanza ni kutouliza. Ukifika mahali pageni, uliza kabla ya kugusa, maana huenda pana jambo usilolijua. Kosa la pili ni kubwa zaidi. Siagi ilitoboa ngozi tu. Kunyamaza kwake kulimtoa rafiki yake darasani. Mtu akikosea aseme mapema, kabla mwingine hajabeba mzigo wake. Rénovat, kwenu hurudi tena. Lakini nataka nisikie ukiomba msamaha kwa yote mawili, mbele ya masenge wako."

Rénovat alimgeukia Firmin. "Nisamehe kwa kunyamaza. Sitanyamaza tena."

"Imekwisha," Firmin alisema.

"Na siagi?" Mwalimu aliuliza.

Rénovat alimtazama Masenge, kisha akamtazama Mwalimu machoni, kwa mara ya kwanza tangu aje Uvira.

"Siku nyingine nitauliza kwanza, Mwalimu. Lakini kilikuwa kinakohoa, nami nilikuwa na siagi. Kwa hilo siombi msamaha."