Asubuhi Mto Uliponyamaza

Kila alfajiri Yadira Tapuy aliketi jikoni na bakuli la chai ya majani ya guayusa mikononi, akipuliza mvuke. Ndivyo walivyoamka nyumbani kwao, kijijini kando ya mto Jatunyacu: mama akichochea moto, bibi akisimulia alichoota, kila mtu akinywa polepole mpaka macho yafunguke vizuri. Kisha Yadira alivaa gambuti zake na kuteremka mtoni kufanya kazi yake.

Kazi hiyo alipewa na mjomba wake Rubén siku alipotimiza miaka kumi na miwili. Mjomba Rubén aliishi mjini na alikuwa nahodha wa boti la mpira, yule anayekaa nyuma na kuwaelekeza wageni namna ya kupiga makasia kwenye mawimbi. Ukingoni mwa mto, chini ya kijiji, palikuwa na mwamba uliochorwa mistari mitano myeupe, inayohesabiwa kutoka chini. Yadira alitazama maji yamefika mstari gani, akarudi, akampigia mjomba simu. Yakiwa kwenye mstari wa pili au wa tatu, safari ipo. Yakifika wa nne, wageni wanabaki wakicheza karata. Ilikuwa kazi ya dakika kumi, lakini aliionea fahari, hasa kwa sababu binamu yake Edwin aliitaka akanyimwa.

"Utaikimbia siku ya kwanza utakayosikia chura," Edwin alimwambia.

Jumamosi moja mvua ilikuwa imenyesha milimani usiku kucha, na kulipopambazuka wingu jeusi lilikuwa bado limeukalia mlima. Kijijini hapakuwa na mvua, ila ukungu tu, mzito kama moshi wa kuni mbichi. Yadira aliteremka akishika vigogo vya miti njiani asiteleze. Alipofika kwenye msufi mkubwa alisimama. Hapo ndipo kila siku sauti ya mto ilipoanza kuwa kubwa kiasi kwamba watu wawili hawasikilizani bila kupaza sauti.

Siku hiyo hapakuwa na sauti.

Alidhani masikio yameziba. Alitia kidole sikioni akatikisa. Alisikia matone yakidondoka kutoka majanini, na pumzi yake mwenyewe, na baada ya hapo hakusikia kitu kingine. Vyura walikuwa wamenyamaza. Nyenje walikuwa wamenyamaza. Kutoka chini ilipanda harufu ya tope la zamani, kama ya kisima kilichofunuliwa baada ya miaka mingi. Yadira alikumbuka hadithi za bibi kuhusu watu wanaoishi chini ya mto, wanaotumia kobe kama viti, na ambao mara mojamoja huita mtu kwa jina lake. Hakuitwa na yeyote. Lakini alihisi kwamba akisimama pale kidogo zaidi, angeitwa.

Aligeuka. Mwanzo alitembea, kisha akakimbia.

Edwin alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba akila ndizi ya kuchoma. "Mbona unahema hivyo? Umefukuzwa?"

"Nimefanya mazoezi," Yadira alisema, akachukua simu.

"Haya, mwanangu," ilisema sauti ya mjomba. "Mstari gani?"

Edwin alikuwa anamtazama, huku akitafuna.

"Wa pili," Yadira alisema. "Kama jana."

Maneno hayo yalitoka kirahisi kuliko alivyotarajia.

Wageni wa siku hiyo walikuwa wawili tu: Bwana Horacio na binti yake Renata, mwenye miaka kumi na mitatu, kutoka Uruguay, nchi ambayo kwa maelezo ya Renata haina mlima hata mmoja unaostahili kuitwa mlima. Mama yake Yadira, Zoila, ndiye aliyekuwa kiongozi wa safari ya msituni. Wangetembea kwa muda wa saa nne kupitia mgongo wa kilima mpaka ufuko wa juu, ambako mjomba Rubén angewasubiri na boti, kisha warudi kijijini kwa maji. Kwa kuwa hakukuwa na shule, Yadira aliruhusiwa kwenda nao.

Mama alitangulia na panga, akikata matawi yaliyoziba njia. Saa ya kwanza Renata hakuacha kuuliza maswali. Je, nyoka wapo? Wapo. Je, mti huu unaliwa? Gome lake tu, ukiumwa tumbo. Je, Yadira haogopi kukaa msituni?

"Siogopi kitu," Yadira alisema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Kila alfajiri nashuka mtoni peke yangu."

Renata alimtazama kwa macho ya kumhusudu. Yadira akajisikia vibaya, akaanza kutembea haraka.

Saa ya pili maswali yalipungua. Mvua ya milimani ilikuwa imekatika na jua lilikuwa linapenya hapa na pale, lakini msitu haukuamka. Hakuna kasuku aliyepita juu. Hakuna tumbili aliyewatupia maganda. Waliwakuta sisimizi wakipanda shina la mti kwa safu pana kama mkanda, wamebeba mayai yao, na safu hiyo haikuwa na mwisho. Mbele kidogo tope lilikuwa limevurugwa na kwato nyingi za nguruwe mwitu. Mama alichuchumaa akatazama alama zake.

"Wamepita muda si mrefu," alisema. "Wote wametoka mtoni, wanapanda."

"Wamekimbia nini?" Bwana Horacio aliuliza.

"Sijui." Mama alisimama akasikiliza, kama mtu aliyesikia mlango ukifunguliwa chumba cha pili. "Twendeni."

Renata akamsogelea Yadira na kumnong'oneza, "Kwa nini kuko kimya hivi? Baba alisema tutausikia mto njia nzima."

Sasa Yadira alielewa kwamba ule ukimya wa asubuhi haukuwa wa pale kwenye msufi tu. Ulikuwa umetembea nao.

Walifika ufukweni karibu na saa sita mchana. Mjomba Rubén alikuwa ameshalijaza boti upepo na kupanga kofia ngumu na majaketi ya kuokolea juu ya mchanga. Mto ulikuwapo, lakini ulikuwa umekonda. Maji ya kijito kilichoingia hapo yalikuwa yanateremka katikati ya mawe ambayo Yadira hakuwahi kuyaona makavu. Mawe hayo yalikuwa meusi, yana utelezi, na yalifanana na migongo ya wanyama waliolala.

Mjomba alikuwa amesimama na mikono kiunoni, anatazama upande wa juu ambako mto ulitokea kwenye korongo.

"Umeshuka," mama alisema.

"Umeshuka. Mvua ilikatika saa mbili asubuhi. Kama alfajiri ulikuwa mstari wa pili, basi ni kawaida, unashuka baada ya mvua. Boti litakwaruza kidogo lakini tutapita." Alisema hivyo, lakini hakuondoa macho kwenye korongo. Kisha akageuka. "Yadira, njoo. Alfajiri ulikuwa mstari wa pili, siyo?"

Bwana Horacio alikuwa tayari anamfunga binti yake kamba za jaketi. Renata alimtabasamia Yadira.

Karibu na miguu ya Yadira palikuwa na kidimbwi kidogo kati ya mawe. Samaki watatu walikuwa wamelala ubavu ndani yake, wanafungua na kufunga midomo bila sauti. Yadira aliwatazama. Alijua kwamba angeweza kusema "ndiyo", na kwamba hakuna mtu duniani ambaye angejua.

"Sijui, mjomba," alisema.

"Hujui nini?"

"Sikufika mwambani. Niliishia kwenye msufi nikarudi. Nilidanganya."

Alisubiri kupigiwa kelele. Mama alifumba macho kidogo tu. Mjomba Rubén alichuchumaa hadi nyuso zao zikawa sawa, na sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Kwa nini ulirudi? Ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu. Mto haukuwa na sauti. Niliogopa."

"Alfajiri? Wakati mlimani mvua bado inanyesha?"

"Ndiyo. Wingu lilikuwa bado jeusi."

Mjomba alisimama. "Zoila, wapandishe. Sasa hivi. Acheni kila kitu."

"Kuna nini?" Bwana Horacio aliuliza.

"Mto unaoshuka wakati mvua inanyesha umezibwa mahali, bwana. Kilima kimeporomoka huko juu. Maji ya usiku mzima yamekusanyika nyuma ya udongo, na udongo haukai."

Walipanda kwa mikono na magoti. Mjomba alikuwa wa mwisho, redio ya mawasiliano mdomoni, akiita kijijini. Baada ya mikwaruzo mingi ilijibu sauti ya Edwin, ya furaha.

"Mjomba, laiti ungeona tulivyo huku. Mto umekauka, samaki tunaokota kwa mikono. Watu wote wako mtoni na vikapu."

"Edwin, nisikilize. Kimbia ukagonge kengele ya shule, usiache kugonga. Kila mtu atoke mtoni apande mpaka kanisani. Waache samaki."

"Lakini mjomba..."

"Maji yanakuja, Edwin. Kimbia."

Walipofika juu ya kilima walikaa chini, hawana pumzi. Halafu hakikutokea kitu. Dakika kumi zilipita, kisha ishirini. Chini yao boti la manjano lilikuwa limetulia juu ya mchanga, na kofia zimepangwa kwa safu. Bwana Horacio alitazama saa yake. Renata alikuwa ameushika mkono wa Yadira. Yadira alimwazia bibi, akamwazia Edwin na kikapu chake, na watoto wadogo wa jirani yao Delfina, ambao hawakukosekana palipo na samaki.

Kwanza ulikuja upepo. Ulitoka korongoni ukiwa baridi, na ulibeba ile harufu ya kisima. Majani yote ya bonde yakageuka upande mmoja. Kisha ardhi ikaanza kutetemeka chini ya mapaja yao, na ikasikika sauti ya mawe yakigongana, mengi, kutoka mbali.

Maji hayakufanana na maji. Kilikuwa kitu cha rangi ya kahawia, kirefu kuliko nyumba, miti mizima imesimama wima ndani yake ikitembea. Kilitokea korongoni kikafunika ufuko. Yadira aliliona boti la manjano likiinuka mara moja. Hakuliona tena.

Bwana Horacio alimkumbatia binti yake.

Walirudi kijijini kwa njia ya juu, wakitembea mchana kutwa. Redio haikujibu tena. Yadira alitembea nyuma ya mama yake, na kila hatua alitamani wafike, na kila hatua aliogopa kufika. Walipotoka msituni waliliona kanisa, na mbele yake watu wamesimama na kuketi, wakiwa wametapakaa tope hadi mapajani. Mama alihesabu kwa midomo. Wote walikuwapo. Bibi alikuwa ameketi katikati na watoto wawili wa Delfina mapajani. Edwin alikuwa bado ameshikilia kamba ya kengele iliyokatika kwa kuvutwa, viganja vimechubuka. Mitumbwi yote, mashamba ya muhogo ya ukingoni na jiko la Delfina vilikuwa vimechukuliwa na maji.

Mjomba Rubén alimketisha Yadira pembeni.

"Sikukasirishwa na kuogopa kwako," alisema. "Woga wako ulikuwa habari ya kweli, pengine habari muhimu kuliko zote ulizowahi kuniletea. Ungesema, 'Mjomba, nimeogopa, sikufika,' ningekuuliza kwa nini, na tangu alfajiri asingeingia mtu mtoni. Wewe ukaificha ili Edwin asikucheke. Uongo mdogo hauna udogo, mwanangu, kwa sababu anayekuamini anasimama juu yake na uzito wake wote. Leo nusura niwapakie wageni, na wewe mwenyewe, juu ya neno ambalo halikuwa na kitu chini."

Yadira alilia. Mjomba akamwacha alie.

"Ila ulisema ukweli ilipokuwa aibu kuusema, mbele ya watu. Hilo nalo nimeliona. Sasa limalize."

Yadira alielewa. Alijifuta uso, akaenda kwa kila familia iliyokuwa pale kanisani, akawaambia mmoja mmoja kwamba alfajiri alijua mto umenyamaza na alidanganya. Wengine walimkaripia. Mzee mmoja alimgeuzia mgongo. Edwin, ambaye alikuwa na haki ya kucheka, hakucheka. Wa mwisho alikuwa Delfina. Alimsikiliza hadi mwisho, akawatazama wanawe, kisha akamtazama yeye kwa muda mrefu.

"Siwezi kukuambia kwamba si kitu," Delfina alisema. "Ni kitu. Lakini nimekusikia, na umesema mwenyewe. Kuanzia leo ukiogopa, niambie hata mimi. Nitaogopa pamoja nawe, halafu tutakwenda kutazama."

Akasogea kwenye benchi, akamwachia nafasi ya kukaa.